Dawa ya deni ni kulipa. Mbona Baba Yetu inasema kusamehe?

Mama Duka (mleta uzi)

Wana jukwaa, Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo kwa ndugu zangu Wakatoliki, na wa imani nyingine salaam zenu pia. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Jambo hili ninalo moyoni tangu tulipomzika mama, na mchungaji wangu nimeshindwa kumwambia.

Mama alizaliwa Kibosho, Mkatoliki wa kubatizwa uchangani. Akaolewa Machame, kwa Walutheri. Wanaoujua mlima wetu wa Kilimanjaro wanajua kwamba hapo ni jirani tu. Ila wamisionari walipoingia mwanzoni mwa miaka ya 1890, Wajerumani wa Leipzig wakakaa Machame, mapadre wa Roho Mtakatifu wakakaa Kilema na Kibosho, na kuanzia hapo watu wa mlima mmoja wanasali sala moja kwa maneno mawili tofauti.

Siku ya mazishi tulikuwa kihambani, nyuma ya nyumba, kati ya migomba. Wajomba na mama wadogo kutoka Kibosho walisimama upande wa juu wa kaburi, sisi wa Machame upande wa chini. Mchungaji akasema tuombe kwa pamoja sala aliyotufundisha Bwana. Tukaanza vizuri, Baba yetu uliye mbinguni, jina lako litukuzwe. Kisha sisi tukasema ufalme wako uje, wao wakasema ufike. Sisi mapenzi yako yatimizwe, wao utakalo lifanyike. Sisi tukaomba riziki yetu, wao mkate wetu wa kila siku. Sauti zikawa zinapishana kama kwaya mbili zilizokutana njiani. Halafu ikafika, sisi "utusamehe deni zetu", wao "utusamehe makosa yetu".

Hapo mimi nikafunga mdomo.

Nilifunga kwa sababu ng'ambo ya kaburi, koleo mkononi, alikuwa amesimama kaka yangu. Miaka mitatu iliyopita alichukua mkopo kwa watu wa hii mikopo ya riba kali tunayoiita kausha damu, na mdhamini nilikuwa mimi. Rejesho la tatu akashindwa, simu akazima. Wakaja dukani kwangu mbele ya wateja. Nililipa shilingi 4,300,000 kwa miezi kumi na moja, kidogo kidogo, kutoka kwenye mtaji wa duka, mpaka rafu za juu zikabaki na maboksi matupu niliyoyapanga ili wateja wasijue. Jina lake nililiandika ukurasa wa mwisho wa daftari la madeni, peke yake, na chini nikapiga mstari. Hatukusemeshana mwaka mmoja na miezi minane. Simu ya msiba alipigiwa na mtu mwingine.

Sasa nimesimama na udongo mkononi, natakiwa nimwambie Mungu anisamehe deni zangu kama mimi ninavyowasamehe wadeni wangu. Sikuweza. Nikawasikia wa Kibosho wanasema Amina, wetu wanaendelea "kwa kuwa ufalme ni wako", na mimi kimya.

Tangu siku hiyo kanisani naliruka ombi hilo. Nasali mpaka "riziki yetu", nanyamaza, naingia tena kwenye "usitutie majaribuni". Wa pembeni yangu nadhani hawajui.

Nimekulia KKKT, kanisa letu la Kilutheri. Kwenye kipaimara tulikariri Katekisimo Ndogo ya Luther, ile ya mwaka 1529, maombi yote saba, na kila ombi mwalimu anauliza "Maana yake nini?" nasi tunajibu kwa pamoja. Ombi la nne nililipenda kuliko yote, kwa sababu Luther anaitaja riziki mpaka mtu unashangaa: chakula, nguo, viatu, nyumba, shamba, mifugo, fedha, mume mwema, watoto wema, serikali njema, hali ya hewa nzuri, majirani waaminifu. La tano nililikariri tu, likapita. Sasa ndiyo naona kwamba katika maombi yote saba hilo peke yake lina "kama" inayonigusa mimi. Mengine namwomba Mungu afanye. Hili namwomba afanye kama nifanyavyo mimi. Na Bwana alipomaliza kuifundisha sala, Mathayo 6:14 na 15, harudi kwenye mkate wala kwenye majaribu, anarudi kwenye hilo hilo moja: msiposamehe, na Baba yenu hatawasamehe.

Mimi ni mfanyabiashara. Wahenga walituachia neno, dawa ya deni ni kulipa. Dukani naliishi neno hilo kila siku. Naombeni mnisaidie: Bwana alimaanisha nini kusema deni? Na mtu ambaye hajaweza kusamehe, asali hii sala au akae kimya?

---

Mwanakwaya

Dada, pole sana kwa msiba, mama apumzike kwa amani. Mimi ni wa upande wa "ufike". Nimezika ndugu Walutheri, huo mkanganyiko wa sauti kaburini naujua. Ninyi mnatuacha kwenye Amina, na sisi Misani maneno yenu ya "kwa kuwa ufalme ni wako" tunayasema pia, ila baadaye, padre akishaongeza sala yake katikati.

Nikuambie kitu kuhusu kukaa kimya. Angalia maneno yenyewe. Hakuna mahali Baba Yetu inasema nipe, nisamehe, niopoe. Ni utupe, utusamehe, utuopoe. Cyprian, askofu wa Carthage karne ya 3, aliliandika hilo: hatusemi Baba yangu, na tunaposali hatumwombei mtu mmoja, tunawaombea watu wote kwa sababu sisi sote ni mmoja. Kwa Kiswahili ni silabi moja tu, "tu", imefichwa katikati ya kitenzi. Siku ile ulipofunga mdomo, wajomba zako walikuwa wanasema "utusamehe". Na wewe ulikuwa ndani ya hiyo "tu", na kaka yako na koleo lake pia. Hukutoka kwenye sala kwa kunyamaza. Walikubeba.

La makosa na deni, kwetu nadhani waliotafsiri walitaka mtu aelewe kwamba si habari ya pesa. Ila nikisoma uliyoandika naona labda na sisi tulipoteza kitu.

---

Mzee wa Kamusi

Mleta mada, umegusa neno lenye mizizi mirefu. Naomba niongee kidogo kuhusu lugha.

Kwanza vijana watauliza kwa nini "deni zetu" na si "madeni yetu". Hicho ni Kiswahili cha wakati Biblia ya Union, ambamo maneno yenu yanatoka, ilipotafsiriwa, ikatoka nzima mwaka 1952. "Tuwasamehevyo" katika "kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu" nayo ni hivyo hivyo, leo tungesema tunavyowasamehe. Na "wadeni" humo ni wanaodaiwa, siyo wanaodai.

Mathayo kwa Kigiriki ameandika deni kabisa, neno la mkopo. Luka 11:4 ameandika dhambi, lakini tazama anachofanya nusu ya pili: "Utusamehe dhambi zetu, kwa kuwa sisi nasi tunamsamehe kila tumwiaye." Kuwia ni kumdai mtu. Kwa hiyo hata Luka, upande wa Mungu kasema dhambi, lakini alipofika upande wetu deni likabaki palepale. Waliochunguza wanasema Bwana alifundisha kwa Kiaramu, na kwa Kiaramu neno moja, hoba, ni deni na ni dhambi pia. Msikilizaji wa Galilaya hakuwa na sababu ya kuchagua. Alisikia vyote viwili kwa mara moja, na mkulima wa Galilaya deni alilijua kwa jina la anayemdai.

Pili, na hili litakuuma. Katika nakala za kale za Mathayo zinazoaminiwa zaidi, kitenzi cha nusu ya pili kiko katika hali ya jambo lililokwisha. Karibu ingesomeka "kama sisi nasi tulivyokwisha kuwasamehe". Mtu anakuja mbele za Mungu akiwa ametoka kwanza kwa jirani yake.

---

Mama Duka

Mzee, asante, ingawa kweli limeniuma.

Hilo la wadeni nimelishika. Nikiwa mtoto nilidhani wadeni ni wanaotudai. Nilikuwa nasali kwamba tunawasamehe watu wanaokuja kumdai baba pesa ya pembejeo, na nikaona ni sawa kabisa, kwa sababu walikuwa wanapiga kelele uani. Nilifika darasa la kipaimara ndipo mwalimu akanigeuzia. Kumbe kusamehe ni kazi ya mwenye daftari.

---

Binti Njombe

Mimi nitasema tofauti na msinichukie.

Baba alipofariki nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nyumba na shamba la miti vilichukuliwa na mtu wa damu yetu, kwa karatasi ambazo mpaka leo sijaziona. Mimi na mama tukahamia chumba cha kupanga. Huyo mtu anakaa benchi la mbele kanisani. Kila nikieleza naambiwa samehe binti yangu, Baba Yetu inasema samehe. Hakuna hata mmoja aliyemwambia yeye rudisha. Hiyo sala imetumika kuninyamazisha miaka kumi na tano. Ndiyo maana mimi siiruki mstari mmoja tu, siisali kabisa.

---

Mama Duka

Binti Njombe, nimeisoma usiku nikaacha simu, nimefungua duka asubuhi ndipo naandika. Sikuchukii. Nitakuambia nilichokipata nikiwa nakukumbuka wewe, na uniambie kama nimekosea.

Nina daftari la madeni hapa mezani. Jalada limechakaa, kurasa zina alama za mafuta ya kula. Mama fulani unga kilo mbili, sukari nusu. Fundi fulani vocha na sigara. Nimekaa nikajiuliza, ninaposamehe deni huwa nafanya nini hasa? Kwa sababu nimeshasamehe mengi. Kuna bibi hapa mtaani mjukuu wake alilazwa, nikamfutia elfu thelathini na mbili.

La kwanza nililoliona, siwezi kufuta kisichoandikwa. Ili nisamehe lazima kwanza jina liwepo, na kiasi kiwepo, na mimi na yeye tujue ni kiasi gani. Anayekuambia samehe bila kutaka kusikia ulichukuliwa nini, huyo hakuambii usamehe. Anakuambia uchome daftari ili asilione. Na hapa ndipo nashukuru kwamba Bwana alisema deni. Kosa mtu anaweza kulipunguza, akasema ni bahati mbaya, ni ujana, ni shetani. Deni halina maneno hayo. Ama lipo ama halipo. Unaposali "wadeni wetu" unasema mbele za Mungu kwamba yule mtu anadaiwa. Nyumba ni deni. Shamba la miti ni deni. Luka 17:3 inasema ndugu yako akikosa, mwonye, na akitubu msamehe. Kumwonya kumetajwa kwanza. Wewe hata hatua hiyo ulinyimwa.

La pili ni hili, na limenikosesha usingizi. Yule bibi nilipomfutia elfu thelathini na mbili, ile hela haikuyeyuka. Mfuko wa unga ulishatoka. Mwenye ghala nilimlipa mimi. Kwa hiyo deni la bibi lililipwa, ila lililipwa na mimi. Wahenga hawakukosea, dawa ya deni ni kulipa. Kusamehe ni pale mwenye daftari anapolipa yeye.

Nikaenda Mathayo 18, ule mfano wa mtumwa asiyesamehe. Huwa tunahubiriwa kwamba mtumwa alisamehewa na mfalme kikubwa, talanta 10,000, akashindwa kumsamehe mtumwa mwenzake kidogo, dinari 100. Nimechukua kikokotoo. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku. Talanta moja ilikuwa dinari 6,000. Talanta 10,000 ni dinari milioni 60. Kibarua akifanya kazi siku 300 kwa mwaka bila kula, ni miaka 200,000. Hilo halilipiki, na mfalme alipolifuta aliingia hasara ya ufalme. Lakini ile ndogo, dinari 100, si hela ya pipi! Ni zaidi ya miezi mitatu ya jasho. Kibarua wa hapa kwetu akilipwa elfu kumi kwa siku, hiyo ni milioni moja. Bwana hakusema yule mtumwa wa pili hakuwa na deni. Alikuwa nalo, na lilikuwa linauma. Alichokataa ni kumkaba mwenzake koo.

Binti, mimi nimelipa milioni nne na laki tatu za kaka yangu. Hilo la pesa limekwisha, nilishalilipa. Nilichobaki nacho mkononi ni koo lake. Mwaka na miezi minane nimelishika.

Wewe la kwako ni tofauti. Halijalipwa na mtu. Kwenda baraza la ardhi si dhambi na hakuvunji Baba Yetu. Simwoni mtu yeyote wa kukuambia usamehe kabla hata daftari halijafunguliwa.

---

Mtu wa Pwani

Assalaam alaykum. Mimi Muislamu, nimepita tu nikavutwa na kichwa cha uzi. Dada Mama Duka, poleni na msiba.

Kwetu suala la deni ni zito, kabla maiti hajazikwa huulizwa kama kuna anayemdai ajitokeze kwa warithi. Na katika Suratul Baqara aya ya 280 imekuja kwamba mdaiwa akiwa na dhiki apewe muda mpaka apate wasaa, na kama mkilifanya deni kuwa sadaka hilo ni bora kwenu. Ona mpangilio: kwanza muda, halafu msamaha. Aya haikumlazimisha mwenye haki, imemwonyesha lililo bora.

Na nimefurahi kusikia kwenu mnaomba "riziki". Neno hilo ni letu sote. Mkate mtu anaweza kuununua. Riziki ni fungu lililokadiriwa na Mola, haivutwi kwa kamba.

---

Mwalimu wa Zamu

Mtu wa Pwani umenikumbusha Torati. Kumbukumbu la Torati 15: kila mwisho wa miaka saba kuna maachilio, aliyekopesha amwachilie jirani yake. Na mstari wa 9 unajua kabisa moyo wa mwenye duka, kwa sababu unaonya mtu asiseme mwaka wa saba umekaribia, akakataa kumkopesha ndugu yake maskini. Walawi 25 nayo ina mwaka wa 50, yubile, ardhi inarudi kwa wenyewe. Bwana aliwafundisha kusali watu waliokua wakisikia hayo. Neno deni halikuwa tamathali ya semi tu.

Na nitatoa mfano wa karibu. Wanaharakati waliotaka nchi maskini zifutiwe madeni kufikia mwaka 2000 walilichukua neno yubile kutoka hapo hapo Walawi. Mwaka 2001 Tanzania ilipata nafuu kubwa ya madeni chini ya mpango wa HIPC, ule wa kuzipunguzia madeni nchi maskini zilizolemewa, na mwaka huo huo ada ya shule za msingi ikafutwa. Nilikuwa mwalimu kijana, napokea darasa la kwanza. Mwaka uliofuata walikuja watoto mpaka madawati yakaisha, wengine wana miaka kumi na miwili hawajawahi kushika penseli, wakakaa chini kwenye sakafu magoti yamekunjwa. Msamaha wa deni mimi nimeuona kwa macho, ulikuwa na sare za kushonwa upya kutoka za kaka zao.

---

Mwanakwaya

Nimerudi. Binti Njombe, nimekusoma, na siku nzima nimeona aibu kwa ajili ya watu wetu wa benchi la mbele.

Naomba niongeze la mwisho wa sala, kwa sababu naona limefungamana. Ninyi mnasema "usitutie majaribuni", sisi "usitutie katika kishawishi". Wengi inawasumbua, Mungu anamtiaje mtu majaribuni wakati Yakobo 1:13 inasema hamjaribu mtu? Papa Fransisko mwaka 2017 alisema hadharani kwamba tafsiri ya namna hiyo haikukaa vizuri, na Wafaransa mwaka huo huo walibadili, sasa wanasali usituache tuingie kishawishini. Waitaliano wakafuata na misale yao ya 2020.

Mimi huwa naenda Gethsemane. Usiku ule Bwana anasali, na ukisikiliza ni Baba Yetu ile ile ameichukua mwenyewe: anasema Baba yangu, anasema mapenzi yako yatimizwe, neno kwa neno kama Biblia yenu ilivyo katika sala, na wale watatu wanaosinzia anawaambia kesheni mwombe, msije mkaingia majaribuni. Alichokuwa anawaonya nacho ni kukimbia na kumkana. Na walikimbia. Na Petro alikana. Deni likaandikwa usiku ule ule.

Halafu sisi tunasema "utuopoe maovuni". Ninyi "utuokoe na yule mwovu". Okoa ni neno zuri, lakini opoa, jamani! Ndoo ikikatika kamba ikazama kisimani, unaiopoa. Unafunga ndoana kwenye kamba, unalala kifudifudi juu ya kingo, unapapasa gizani mpaka ishike. Mtu akizama mtoni anaopolewa. Anayeopolewa hana nguvu ya kusaidia. Dada Mama Duka, kama kusamehe kumekushinda, ombi la kusema lipo, liko mistari miwili mbele.

---

Binti Njombe

Mama Duka nimesoma jibu lako mara tatu. Sijasamehe na sitaki kudanganya. Lakini nimechukua daftari la shule la mwanangu nikaandika: nyumba, vyumba vinne, bati jipya. Shamba la miti, ekari mbili na nusu, miti ilikuwa na miaka sita. Jina lake. Miaka kumi na tano sikuwahi kuliandika popote. Nimemwonyesha mama. Akasema umesahau ng'ombe.

Nitaliongeza.

---

Mama Duka

Wapendwa, imepita wiki tatu. Nilitaka nisiandike mpaka niwe na cha kuandika.

Mwanakwaya, nilichukua lile neno lako la opoa nikalisali hivyo hivyo, mimi Mlutheri. Juzi Alhamisi nikafunga duka saa kumi, nikapanda gari nikaenda anakofanya kazi kaka. Anashona viti vya magari kibandani. Alinyanyua macho, akazima cherehani. Nikamwambia nimekuja kwa habari ya ile hela. Nilikuwa nimejiandaa kumtajia kiasi, kwa sababu nilisema hapa kwamba lazima kitajwe. Akanitangulia. Akasema, "Milioni nne na laki tatu. Najua, dada. Na mwezi wa kumi na moja ulilipa laki tatu na themanini kwa mpigo kwa sababu walitishia kubeba friji."

Sikuwa nimemwambia mtu habari ya friji. Kumbe alikuwa anaulizia kila mwezi kwa kijana wa dukani kwangu, na ameandika. Akanionyesha, kwenye gamba la boksi la uzi, nyuma ya cherehani, tarehe na kiasi, kumi na moja mfululizo. Mzee wa Kamusi, hata wadeni wana daftari.

Nikamwambia nimefuta. Hakujibu. Alishika sindano akaitunga uzi, akaitungua, akaitunga tena. Nikamwambia pia sitamdhamini tena kwa mtu yeyote, hilo ajue. Akasema hawezi kuniomba.

Sitaki niwadanganye kwamba kila kitu kimekaa sawa. Nikiona zile rafu za juu bado kuna siku naumia. Jumapili kanisani nilipofika kwenye "kama sisi nasi" nililisema kwa sauti ya chini, nikalimaliza.

Jumamosi tunajengea kaburi la mama. Kaka kasema mchanga na kokoto ataleta yeye, mimi nilete saruji mifuko sita. Wajomba wa Kibosho wanakuja. Nimemwomba mchungaji asali nasi pale, na nimemwomba mjomba mkubwa ndiye aianzishe Baba Yetu, kwa maneno yao, yale mama aliyojifunza akiwa mtoto.